Mashine iliyogoma kumwaga maji: uchambuzi wa kisa kimoja, Mtwara

Hiki ni kisa cha mashine ya kufulia ya nyumbani, ya mlango wa mbele, kilo saba, iliyokuwa inasimama katikati ya kazi huku maji yamo ndani. Fundi wa kisa ni mimi mwenyewe. Nilibadilisha pampu ambayo haikuwa na ubaya wowote, nikalipwa, nikala na wali, nikaondoka. Siku tisa baadaye nikaitwa tena. Mama mwenye mashine ameridhia niandike. Jina lake, mtaa wake na chapa ya mashine nimeviacha.

Nyumba na mashine

Nyumba iko Manispaa ya Mtwara Mikindani. Ni ya bloku, ina uwa mpana nyuma, mpapai mmoja, na simtanki la lita 2,000 lililopandishwa juu ya mnara. Anaishi mama mtu mzima, wajukuu wawili na binti wa kazi. Mama alinunuliwa mashine na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, ikaja na gari la mizigo.

Miezi minne ya kwanza mashine ilikaa baraza ya nyuma, mpira wake wa kutolea maji umening'inizwa kwenye karo la kufulia, lile la zege ambalo nyumba nyingi za huku zinalo uwani. Haikuwahi kugoma hata siku moja. Hili nililijua baadaye, kwa sababu siku ya kwanza sikuuliza.

Kisha mama akataka baraza liwe safi. Mashine ikahamishiwa stoo iliyo ubavuni mwa jiko. Fundi bomba akatoboa ukuta, akapitisha bomba la PVC la inchi moja na nusu, akaliunganisha na lile la sinki la jikoni. Yote mawili yanaingia kwenye gali nje, kile kishimo chenye maji ya kuzuia harufu, halafu chemba, halafu shimo la maji machafu. Mpira wa mashine haukufika ukutani, akaunga kipande kingine, jumla ikawa mita nne na nusu. Mwisho wa mpira akauchomeka ndani ya PVC, na nafasi iliyobaki akaiziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyozungushwa na kukazwa, mende wasitoke na harufu isirudi. Kwa macho ilikuwa kazi nzuri. Mimi mwenyewe nilipoiona niliisifu.

Safari ya kwanza

Nilipigiwa simu Jumatatu ya mwezi wa saba. Mama hakuwa na maneno mengi: "Mwanangu, inafua vizuri, ikifika kusuuza inasimama. Maji yamo, mlango haufunguki, nguo zimo. Na Jumamosi nina arobaini."

Arobaini maana yake wageni kutoka Newala na Masasi, mashuka, kanzu, vitambaa vya meza. Nilifika saa kumi jioni nikiwa na saidia fundi wangu. Baada ya shikamoo na marahaba tukaonyeshwa mashine, kiooni imeandika alama ya kushindwa kutoa maji. Kila kampuni ina yake: LG huandika OE, Samsung 5E au 5C kulingana na toleo, Bosch nyingi E18.

Nikachomoa waya ukutani kwanza. Chini kulia pana kifuniko kidogo. Ndani yake kuna kimpira chembamba cha dharura na chujio la pampu. Tukakinga beseni, tukatoa maji kwa kimpira, mabeseni matatu. Ningekuta mtu amefua kwa maji ya moto ningesubiri yapoe, maana yanatoka yote kwa mkupuo ukifungua chujio bila kuyapunguza.

Ndani ya chujio kulikuwa na sarafu ya shilingi 200, pini mbili za mtandio, kifungo cha shati, ganda la korosho na mchanga. Mchanga sikuushangaa, wa huku uko hata kwenye chai. Kulikuwa na kitu kingine pia: uji mweupe wa chengachenga, kama unga uliolowa. Nikaupangusa kwa kidole, nikasema "sabuni haiyeyuki vizuri hii", nikaumwaga. Msomaji aukumbuke uji huo.

Saidia fundi akaingiza kidole kuzungusha feni ya pampu. "Imekwama hii, inaruka-ruka." Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyo. Pampu nyingi za kisasa zina sumaku ndani, ukizungusha kwa kidole hazitelezi, zinashika na kuachia, shika na kuachia. Feni inayozunguka laini kabisa kama kichezeo ndiyo ya kutilia shaka, maana huenda imekatika kwenye mhimili. Hapo nilikuwa sahihi, na labda ndiyo iliyonipa kiburi cha kilichofuata.

Nikapima. Koili ya pampu ilisoma kama omu 170, namba ya kawaida kwa pampu za aina hiyo. Umeme wa nyumba ulikuwa volti 221. Nikafunga chujio, nikarudisha waya, nikaiamuru itoe maji. Pampu ikaunguruma kwa sauti nzito, kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani. Maji yakashuka kidogo, yakasimama.

Nikasema pampu imechoka.

Kwa nini nilisema hivyo ilhali vipimo vilikuwa safi? Mwezi uleule nilikuwa nimekutana na pampu mbili zilizopima vizuri zikiwa baridi, zikipata moto zinalegea kwa sababu bushi, zile pete zinazoshika mhimili, zimelika. Kwa hiyo sikio langu lilisikia lilichokuwa tayari kusikia. Na arobaini ilikuwa mlangoni. Mteja mwenye haraka hutaka jibu lenye jina na bei, na pampu ina vyote viwili.

Pampu ikaagizwa Dar es Salaam, ikafika kwa basi Jumatano. Shilingi 65,000 pamoja na usafiri, ufundi 30,000. Kuifunga ni kazi ya dakika ishirini. Halafu nikaifanyia majaribio, na hapa ndipo kosa kubwa la kisa kizima lilipo. Nilifungua zile tyubu, nikachomoa mpira kutoka ukutani, nikauweka kwenye ndoo ya lita 20 ili nione nguvu ya maji kwa macho yangu. Ndoo ilijaa kwa dakika moja na robo hivi. Sauti laini. Saidia fundi akacheka, mama akasema alhamdulillahi.

Nikarudisha mpira ukutani. Nikazungusha tyubu upya, nikazikaza kuliko nilivyozikuta.

Kisha tukakaribishwa wali na pweza wa nazi.

Siku tisa

Alhamisi hadi Jumapili mashine ilifanya kazi mara tatu bila shida. Ilifua vitu vyepesi tu, kanga, kanzu na vitambaa. Mashuka mazito yalifuliwa kwa mkono na akina mama waliokuja kusaidia. Na mapishi yote ya arobaini yalifanyika uwani, kwa kuni, sufuria kubwa. Sinki la jikoni lilipumzika. Machicha ya nazi yalitupiwa kuku wa jirani.

Wageni walipoondoka, maisha yakarudi jikoni. Ijumaa iliyofuata asubuhi, mashuka yote ya wageni yakaingia mashineni. Saa tano simu ikaita.

"Fundi, mgonjwa wako karudi vilevile."

Safari ya pili

Nilikwenda na wazo moja kichwani, bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine. Pampu mpya, umeme mzuri, nini kingine kimebaki? Njiani nilikuwa nishaanza kupiga hesabu ya bei ya bodi na namna ya kumwambia mama bila kumshtua. Nashukuru Mungu sikufungua mdomo nilipofika.

Nilianza na kihisi cha presha, kwa sababu ni rahisi na bure. Kuna kimpira chembamba kinachotoka chini ya pipa la mashine kwenda juu kwenye kihisi. Maji yakipanda, hewa iliyomo humo inabanwa, na mashine inajua kina kimefika wapi. Kimpira kikiziba, mashine huweza kudhani maji yamo wakati hayamo. Nikakichomoa, nikapuliza taratibu, nikasikia "tik" ya kihisi. Nikaacha kupuliza, "tik" nyingine. Kizima. Hapo nusu saa ilikuwa imeshakwenda.

Nikafungua chujio. Uji mweupe tena, kwa siku tisa tu. Nikamwambia binti wa kazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio, "Punguzeni sabuni ya unga, inaganda huku chini."

Akasema, "Sabuni gani, kaka? Sisi tunatumia ya maji tangu mwezi wa sita."

Nikauangalia ule uji. Nikaunusa. Ulikuwa na harufu tamu iliyochacha, ya nazi iliyolala. Machicha.

Sasa machicha ya nazi yanaingiaje ndani ya mashine ya kufulia? Hakuna mtu anayefua kwa nazi. Njia ni moja tu, yametoka kwenye bomba la sinki, yakarudi nyuma kupitia mpira, yakaingia kwenye pampu. Maji ya jikoni yalikuwa yanatembelea nguo. Yale madoa meupe kwenye mtandio mweusi wa mama, ambayo nyumba nzima ililaumu sabuni, yalikuwa mchuzi.

Nikaacha bisibisi, nikakaa juu ya ndoo, nikamuuliza binti maswali ambayo nilipaswa kuuliza Jumatatu ya kwanza. Majibu yake yalikuwa haya. Mashine ikimwaga maji, sinki la jikoni linabubujika, na wakati mwingine maji yenye povu yanapanda kwenye sinki. Inagoma zaidi asubuhi kuliko jioni. Ikiwa na nguo chache haigomi. Na kuna jambo jingine, alilisema kama vile anaomba radhi: "Wakati wa kusuuza maji yanaingia halafu yanaondoka yenyewe, hata haijaunguruma. Inajaza tena, yanaondoka tena. Nilidhani ndivyo ilivyo."

Mambo mawili yanayopingana: maji hayatoki, na maji yanatoka bila kuamriwa. Fundi akisikia hivyo hudhani mteja amechanganya. Hakuchanganya.

Nikafanya majaribio mawili. La kwanza nikaliita la ndoo. Nilitoa mpira ukutani, nikaweka faneli kwenye PVC, nikamimina ndoo ya lita 20 kwa kasi inayokaribia ile ya pampu. Lita sita au saba za mwanzo zilikwenda. Halafu bomba likajaa hadi mdomoni na maji yakaanza kushuka kwa kusitasita, na jikoni tukasikia sinki likigugumia. Ukimimina kidogo kidogo, kama mtu anayeosha kikombe, linapitisha vizuri kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba gali imeziba nusu. Sinki halina haraka.

La pili ni la mnyonyo, yaani maji kujivuta yenyewe kupitia mpira bila pampu. Nilirudisha mpira na tyubu zake, nikajaza maji hadi kina cha kusuuza, nikachomoa waya wa umeme kabisa. Tukanyamaza. Ndani ya kama nusu dakika tukasikia maji yanakwenda, polepole, bila umeme wowote. Nikachukua futi kamba. Mdomo wa PVC ukutani ulikuwa sentimita 28 kutoka sakafuni. Mpira ulikuwa umelala chini njia nzima, zile klipu za nyuma ya mashine zinazoushika juu zikiwa zimefunguliwa ili urefu utoshe. Miongozo mingi ya mashine za mlango wa mbele hutaka mpira upande kati ya sentimita 60 na 100. Kwenye kufua, kina kilikuwa chini ya mdomo wa bomba, maji yakatulia. Kwenye kusuuza, hasa mashuka, maji yanaongezwa, kina kinazidi sentimita 28, maji yanajimwaga yenyewe. Na kwa kuwa tyubu zimeziba kila upenyo wa hewa, yakishaanza kunyonywa hayaachi.

Kwa hiyo siku gali ikiwa nafuu, maji yalinyonywa na mashine ikawa inajaza bila kushiba. Siku gali ikiwa imelemewa, maji hayakwenda kokote, na pampu ilipozima yalirudi na machicha yake. Bomba lilelile, mpira uleule.

Asubuhi nayo ina maelezo yake. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Julai, kusi likivuma, usiku wa Mtwara hufika huko. Mafuta yaliyobaki kwenye gali jioni yanaamka asubuhi yakiwa nta, yameshikana na machicha na majivu ya kusugulia masufuria. Mchana kunapopata joto njia inafunguka kidogo.

Tulipofungua gali nilitoa donge la ukubwa wa ngumi mbili. Kwa nje la kijivu, ukilivunja ndani jeupe, lina tabaka kama mkate wa kusukuma.

Nilivyoamua, na kwa nini

Jambo la kwanza niliamua kumwambia mama ukweli, palepale, kabla hajauliza. Kwamba pampu ya zamani haikuwa mbovu, na kwamba nilichokifanya siku ile kilikuwa kuukaza ugonjwa kwa tyubu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi na yule aliyeziba tenki langu na yeye aje akiri." Ikawa amemlipa mtu azibe nyufa za simtanki kwa sababu maji yalikuwa yanaisha haraka. Nyufa hazikuwapo. Mashine ndiyo iliyokuwa inakunywa.

Njia zilikuwa tatu. Kusafisha gali na kuacha mengine yalivyo: rahisi, lakini mnyonyo ungebaki, na kwa kweli ungezidi kwa kuwa njia imefunguka. Kurudisha mpira kwenye karo la uwani: bure, salama, na binafsi ndiyo ningechagua. Mama alikataa katakata. Kwenye karo lile anaoshea mboga na samaki, na hakuhamisha mashine ili mpira ukatize mlango. Ni nyumba yake. Ya tatu ni kuipa mashine bomba lake lenyewe.

Nikampigia fundi bomba aliyefanya kazi ile. Nilihofia tungegombana, haikuwa hivyo. Alifanya kazi safi kwa anachokijua, na anachokijua ni sinki. Sinki linaachia maji, halisukumi, wala halina kina chake cha kulinda. Nilipomwonyesha mnyonyo mashine ikiwa haina umeme, alipiga makofi kama ameona mazingaombwe.

Tulichofanya: bomba la kusimama la PVC, inchi mbili, mdomo wake sentimita 80 kutoka sakafuni. Chini yake mtego wake wa maji wa kuzuia harufu, kisha likaenda moja kwa moja chemba bila kupita kwenye gali ya jikoni. Kipande cha mpira kilichoungwa tukakikata, mashine ikasogezwa, urefu ukarudi mita mbili. Klipu za nyuma zikafungwa. Mpira ukapandishwa, ukakunjwa juu kwa ile ndoano ya plastiki, ukaingia bombani sentimita 15 tu, na pembeni pakaachwa wazi.

Hapo pa kuacha wazi palileta mjadala mrefu kuliko vyote. Mama: mende. Fundi bomba: harufu. Nikasisitiza hewa iingie, kwa kuwa hewa ndiyo inayokata mnyonyo. Harufu ilikuwa na mtego wake. Mende tukawakata kwa kipande cha wavu wa dirisha, kimezungushwa mdomoni na kufungwa kwa waya. Wavu unapitisha hewa, na mama akakubali kwa sharti kwamba akimwona mende mmoja ananiita mimi.

Ufundi wangu wa shilingi 30,000 niliurudisha. Vifaa na kazi ya fundi bomba vilifika 48,000, mama akalipa. Pampu mpya ikabaki ndani, na ile ya zamani nilimkabidhi ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

Matokeo

Safari hii nilijaribu mashine ikiwa vilevile itakavyotumika. Mashuka mazito, mizunguko mitatu mfululizo, mpira mahali pake, na binti anamwaga ndoo za maji kwenye sinki wakati pampu inafanya kazi. Haikugoma na sinki halikububujika. Jaribio la mnyonyo tulirudia: kina cha kusuuza, waya nje, robo saa, maji yametulia kama kisimani.

Mzunguko uliokuwa unachukua saa mbili na dakika arobaini sasa unakwisha kwa saa moja na dakika thelathini na tano. Tanki linakaa siku mbili zaidi. Madoa meupe yamekwisha. Miezi saba imepita wakati naandika, haijagoma. Machicha nayo yanakwenda kwa kuku, kwa amri ya mama.

Uchambuzi

Nianze na ile alama ya kiooni, maana ndiyo inayotupoteza mafundi wengi. Mashine haina jicho la kuona pampu. Ina kihisi cha kina, na ina saa. Imeamuru maji yatoke, imesubiri dakika zake, kina hakijashuka, inasimama na kuandika. Haisemi ni pampu, haisemi ni chujio, wala haijui kama kuna ukuta. Mimi niliisoma kama jina la kipuri.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya kuliko kutojaribu. Nilipotoa mpira ukutani na kuuweka kwenye ndoo, niliondoa sehemu yenye ugonjwa, nikapima sehemu nzima, nikafurahi. Ndoo ilinipa habari kubwa ambayo sikuisoma: kama pampu mpya inajaza lita 20 kwa dakika moja na robo, je, ile ya zamani ingejaza kwa muda gani? Ningejaribu ya zamani kwenye ndoo ileile kabla ya kuagiza, ingejaza vilevile, na kisa kingeishia hapo. Nilikuja kuijaribu baadaye. Ilijaza vilevile.

Ile sauti nzito pia ilikuwa inasema kweli, nami nikaitafsiri kinyume. Pampu hizi zina mota inayofuata mapigo ya umeme, mizunguko kama 3,000 kwa dakika kwa umeme wetu wa mapigo 50 kwa sekunde. Haipunguzi mwendo kwa uchovu kama mota ya brashi. Ikikutana na maji yasiyo na pa kwenda, inaguna. Mguno ule ulikuwa wa njia iliyoziba. Pampu iliyokufa kweli mara nyingi haina sauti kabisa, au inatetema papo hapo bila kusukuma, au inakwaruza.

Kilichofanya kazi vizuri siku ya kwanza ni utaratibu wa kufungua: waya nje, maji kwa beseni, chujio, feni, omu, volti. Hakuna kilichorukwa ndani ya mashine. Tatizo ni kwamba macho yangu yaliishia kwenye bati la mashine. Ukuta, bomba, gali na chemba niliviona kama mambo ya mtu mwingine.

Halafu binti. Siku ya kwanza nilizungumza na mwenye mashine, ambaye hafui. Anayefua alikuwa hatua tano kutoka nilipo, anasonga ugali, na alikuwa na kisa chote kichwani: saa, uzito wa nguo, sinki, maji yanayoondoka yenyewe. Hakusema kwa sababu hakuulizwa, na kwa sababu kwa adabu za huku, mgeni akiwa anaongea na mama, binti haingilii. Siku hizi naomba ruhusa kwa mwenye nyumba, nazungumza na anayeshika sabuni.

Kuna na hali ya kwetu Kusini. Vipuri vingi vinatoka Dar es Salaam, na Mei 2024, barabara ilipokatika upande wa Somanga, Kilwa, baada ya kimbunga Hidaya, tulijua maana ya kusubiri kipuri. Ungetarajia umbali huo utufanye tupime mara tatu kabla ya kuagiza. Kwangu ulifanya kinyume: kwa kuwa pampu ingechukua siku mbili kufika na arobaini ilikuwa Jumamosi, niliwahi kuagiza Jumatatu ili nisichelewe. Jaribio la ndoo na faneli linachukua dakika tano.

Sidai kwamba pampu hazifi. Zinakufa, na nimebadilisha nyingine tatu tangu wakati huo. Ila sasa, kabla sijafungua chochote, naanza nje: mpira unaishia wapi, umepanda kiasi gani, kuna hewa mdomoni, nani mwingine anatumia bomba hilo. Futi kamba iko juu kabisa kwenye begi.

Pampu ya zamani bado iko kwenye kabati la mama, ndani ya gazeti lake. Amenikumbusha mara mbili kwamba siku hii mpya ikifa, nitakuja kuifunga ile bila kudai hata mia. Nimekubali.